Vituo vitatu Marekani bado vinawafungia mlango watu wa ubao wa theluji. Hii ni usalama kweli au mazoea tu?

Makali_ya_Chuma (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa timu. Marekani ina mamia ya vituo vya kuteleza kwenye theluji, lakini hadi leo vimebaki vitatu ambavyo ukifika na ubao (ule mmoja unaofunga miguu yote miwili, unateleza ubavu ubavu) hupandi lifti (viti vinavyoning'inia kwenye kamba kupandisha watu mlimani): Alta na Deer Valley kule Utah, na Mad River Glen kule Vermont. Ukiwa na skii zako mbili (zile nyembamba, moja kila mguu), karibu sana. Ukiwa na ubao, hata uwe fundi kuliko wote waliopo mlimani siku hiyo, unarudi ulikotoka.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema msije mkasema nazunguka. Hoja ya usalama ilikuwa na maana miaka ya themanini, sasa imebaki kisingizio. Sababu halisi ni kwamba watu wa skii wanapenda kuwa peke yao. Sina ugomvi na hilo, kila mtu ana anachokipenda, na kwenye mali yako fanya utakavyo. Ugomvi wangu ni Alta tu, kwa sababu Alta inaendesha biashara juu ya ardhi ya umma, ndani ya msitu wa taifa, kwa kibali cha Idara ya Misitu. Hapo "sisi tumezoea hivi" haitoshi.

Historia kidogo kwa wasiojua. Mwaka 1965 bwana mmoja wa Muskegon, Michigan, Sherman Poppen, alifunga skii mbili zikawa kitu kimoja ili binti zake wateleze kwenye kilima. Kikaitwa Snurfer, kikauzwa madukani kama kichezeo cha watoto, kina kamba mbele ya kushikilia na hakina hata pa kufungia mguu. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter akaanzisha kampuni yake Vermont kutengeneza mbao bora zaidi. Hawa watu walipoanza kubisha hodi vituoni, walikataliwa karibu kila mahali, na kwa haki kabisa: mbao za mwanzo hazikuwa na makali ya chuma pembeni, kwenye barafu ngumu huwezi kukata kona wala kusimama. Wenye vituo wakawaza bima, wakawaza kesi.

Stratton, Vermont, ikawa miongoni mwa vya kwanza kukubali, mwaka 1983. Vituo kadhaa vya wakati ule vilikuwa na utaratibu mzuri tu: njoo utuonyeshe unaweza kugeuka na kusimama, tukupe kadi, upande. Kisha mbao zikapata makali ya chuma, vifungio vikapata mgongo wa kushika kisigino, na sababu ya kukataza ikaisha. Nagano 1998 ubao ukaingia Olimpiki. Aspen Mountain wakafungua 2001. Taos, New Mexico, wakafungua Machi 2008. Waliobaki ndio hao watatu.

Naomba kuwasilisha. Matusi hapana.

---

Mzee_wa_Fimbo

Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka palepale penye ukweli.

Mtazame mtu wa ubao anayetanguliza mguu wa kushoto. Mwili wake mzima umeelekea kulia. Akigeuka kwa upande wa vidole, anaona kila kinachokuja kulia kwake. Sasa ageukie upande wa kisigino: anakata upinde mpana kwenda kushoto, na kwa sekunde mbili tatu mgongo wake wote uko wazi kwa yeyote anayeshuka upande ule. Hakuoni. Siyo kwamba ana dharau, hakuoni tu, shingo haifiki. Wewe wa skii umepanga kumpita kushoto kwa sababu palikuwa wazi, ghafla anakuja juu yako kinyumenyume.

Pili, kukaa chini. Wakishuka kwenye lifti wanajipanga mstari, wanakaa na makalio, wanafunga vifungio. Wakichoka katikati ya mteremko, wanakaa tena, mara nyingi chini ya kituta ambapo anayetoka juu hawaoni hadi ameshawafikia.

Tatu, wanaoanza. Asiyejua kugeuka anaweka ubao mtambuka mlimani, anashuka na kisigino kama greda, anaikwangua theluji yote laini na kuacha barafu. Kwenye mteremko mkali wenye matuta wakipita watu wa aina hiyo asubuhi, mchana hamna kitu pale.

Nimeteleza na watu wa ubao miaka yote, wengine ni rafiki zangu. Sisemi wazuiwe kila mahali. Nasema kuwe na milima michache isiyo na haya mambo. Mitatu tu kati ya mamia! Mnaitaka na hiyo ya nini?

---

Kona_Kali

😂😂 "wengine ni rafiki zangu". Hii kauli nimeisikia kwenye mijadala mingine kabisa.

---

Makali_ya_Chuma

Mzee wa Fimbo, hoja ya mgongo naikubali ni ya kweli, wala sikuiruka kwa hila. Upofu wa upande wa kisigino upo. Lakini twende na kanuni. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lina kanuni kumi za mwenendo mlimani, na zinamhusu wa skii na wa ubao sawasawa. Ya tatu inasema anayetoka nyuma ndiye anayechagua njia isiyomhatarisha aliye mbele. Marekani nako hivyohivyo: aliye mbele ana haki ya njia. Kwa hiyo ukinipita mimi kushoto wakati unaniona nakata pinde pana, jukumu la kuacha nafasi ni lako. Mtu wa ubao ana mdundo unaosomeka. Kulia, kushoto, kulia. Ukimtazama pinde mbili umeshajua ya tatu itaangukia wapi.

Kuhusu kukaa, kanuni ya sita inakataza kusimama mahali pembamba au pasipoonekana. Anayekaa chini ya kituta anavunja kanuni, aondolewe, hata tiketi ikatwe. Ila na mimi nimeshaona familia nzima za skii zimesimama mtambuka pale pale, baba anapiga picha.

Na majeraha, kila upande una yake. Wa ubao anaanguka na mikono mbele, kifundo cha mkono kinavunjika. Wa skii mguu mmoja unakwenda huku mwingine kule, goti linakatika kano. Hospitali za milimani zinawajua wote wawili. Na kama mchanganyiko ungekuwa hatari kiasi hicho, wenye bima wangekuwa wa kwanza kuupiga marufuku, maana hao hawana ushabiki, wana kikokotoo. Mamia ya vituo vimewachanganya kwa zaidi ya miaka thelathini na biashara inaendelea.

---

Theluji_ya_Unga

Wote mnaongelea pinde kana kwamba Alta ni mteremko mmoja wa kwenda chini. Tatizo la Alta ni ubavu wa mlima.

Pale theluji nzuri huifikii kwa kushuka tu kutoka kwenye lifti. Unakata mlima kwa ubavu, njia nyembamba ya upana wa skii mbili, inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda tena. Mtu wa skii akikosa kasi anasukuma kwa fimbo, au anapanda kwa hatua za pembeni. Mtu wa ubao akikosa kasi amekwisha: afungue mguu wa nyuma, asukume kama yuko kwenye ubao wa magurudumu, au atembee. Nyuma yake kuna foleni ya watu, theluji imedondoka usiku, kila mmoja anataka kuwahi, na kumpita hakuna.

Hiyo ndiyo sababu ya maana ambayo wangeitaja. Usalama na uharibifu wa theluji ni maneno ya wanasheria.

---

Kona_Kali

Anayeona njia ni ngumu si hataenda mwenyewe? Snowbird iko jirani kabisa na Alta, korongo lilelile, theluji ileile, nako kuna njia za ubavu, na watu wa ubao wanaruhusiwa. Wanajifunza kubeba kasi kabla hawajafika pa tambarare. Wasioweza huenda mara moja tu, hawarudii.

Halafu Snowbird na Alta wanauza tiketi ya pamoja. Juu mpakani pameunganishwa, wa skii anavuka kwenda na kurudi atakavyo. Wa ubao anafika kwenye lango anakuta bango na mlinzi. Mlima hauna habari na mpaka huo.

---

Wakili_wa_Mlimani

Naona watu wanagusagusa suala la ardhi ya umma bila kulifikisha mwisho. Kesi ilikuwepo, tena ya kusomeka.

Januari 2014 watu wanne wa ubao, pamoja na kikundi walichokiita Wasatch Equality, waliishtaki Alta na Idara ya Misitu katika mahakama ya shirikisho Utah. Waliegemea Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, kile kipengele cha ulinzi sawa wa sheria. Walisema katazo halina sababu ya msingi, limezaliwa na chuki dhidi ya aina fulani ya watu (vijana, suruali pana, lugha yao, mwonekano wao), na kwa kuwa ardhi ni ya serikali, serikali inashiriki ubaguzi huo.

Alta wakajibu kwamba hawambagui mtu, wanabagua kifaa. Mtu yuleyule akivua ubao akavaa skii anapanda. Katiba hailindi vifaa.

Septemba 2014 jaji akaitupa kesi. Wakakata rufaa, na Aprili 2016 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa 10 ikaunga mkono. Sasa hapa ndipo watu wengi wanapotosha. Mahakama ya rufaa HAIKUSEMA katazo ni zuri, wala halali kwa maana ya kuwa na busara. Ilisema uamuzi wa kukataza ubao ni wa kampuni binafsi, siyo wa serikali. Idara ya Misitu ilitoa kibali na inapokea ada, lakini haikuamua wala haikushinikiza. Na kipengele cha ulinzi sawa kinaifunga serikali, hakimfungi mfanyabiashara. Kesi ikaishia mlangoni, ndani haikuingia.

Kitu kingine cha kuzingatia. Mpango wa uendeshaji ambao Alta huuwasilisha Idara ya Misitu unawapa haki ya kukataa kifaa chochote wanachoona kinaleta hatari isiyo ya lazima, au kinaharibu ubora wa theluji, au hakiendani na maamuzi yao ya kibiashara. Someni hiyo ya mwisho tena.

---

Makali_ya_Chuma

Wakili, umenisaidia kuliko nilivyojisaidia. Ile "au" ya mwisho inameza zote mbili za mwanzo. Ukishakuwa na haki ya kukataa kifaa kwa sababu za biashara, ya nini kuhangaika kuthibitisha hatari? Ndiyo maana nasema usalama ni kisingizio. Hata kwenye karatasi zao wenyewe hauhitajiki.

Kisheria wameshinda, sina la kupinga. Ila mahakama kusema "hili siyo kosa la serikali" hakuizuii serikali kuuliza. Idara ya Misitu ndiyo mwenye nyumba. Mpangaji akiweka sharti kwamba wageni fulani wasiingie, mwenye nyumba anaweza kukaa kimya, na ndivyo alivyofanya. Mimi nasema asikae kimya.

---

Bibi_Mteremko

Samahani wanangu, mnaongea Alta Alta, na Deer Valley je?

---

Kona_Kali

Bibi, Deer Valley ni hoteli yenye mlima nyuma. Imefunguliwa 1981, tangu mwanzo ikajiuza kama mahali pa starehe: ukifika, wafanyakazi wanakushushia skii kwenye gari, tiketi wanauza kwa kikomo ili pasijae, theluji inasawazishwa usiku kucha asubuhi ikawa nyororo. Wateja wao wanalipia utulivu. Hawana hoja ya mlima wala ya lifti, wana hoja ya mteja, na hawaifichi sana. Mimi hao nawaheshimu kuliko Alta.

Ila cheka kidogo: Olimpiki ya 2002 baadhi ya mashindano yalifanyika palepale Deer Valley, yakiwemo ya kuruka angani na kujizungusha. Mtu akibinuka hewani na skii ni sawa. Akiwa na ubao, hatari!

---

Shangazi_wa_Vermont

Ngoja niwatetee Mad River Glen, maana hapa ndipo najua zaidi na hapa ndipo naona mnapita harakaharaka.

Kile siyo kituo cha tajiri. Tangu 1995 ni ushirika. Watu wa kawaida walinunua hisa, wakaununua mlima kutoka kwa mwenye nao, wanauendesha wenyewe kwa kura. Hawasawazishi sana theluji, theluji ya mashine wanatengeneza kidogo mno, njia ni nyembamba, zina miamba na miti. Kauli mbiu yao inayobandikwa kwenye magari ni kwamba teleza kama unaweza.

Na wana lifti ya kiti kimoja kimoja, ya mwaka 1948. Unakaa peke yako, unapanda mlima wote huna wa kuongea naye. Lifti ile ilipochakaa, wanachama waliambiwa kwamba wanaweza kuweka ya kisasa inayobeba watu wengi. Wakakataa! Wakachangishana fedha, mwaka 2007 nguzo na viti vikakarabatiwa, ikarudi kiti kimoja kama ilivyokuwa. Hoja yao ni kwamba lifti ikibeba watu wengi, mlima utajaa na theluji itakwisha kabla ya saa nne.

Sasa ubao. Mwanzoni waliwaruhusu, miaka ya themanini. Shida ikaja kwenye lifti hiyo. Wa ubao anapanda lifti mguu mmoja umefungwa, mwingine huru. Kwenye kiti kipana unageuza mwili ubavu, ubao unakaa vizuri, unashuka unateleza. Kwenye kiti kimoja cha zamani huna pa kujigeuza, ukifika juu lazima usimame na kuondoka upesi kabla kiti hakijakugonga mgongoni. Lifti ikawa inasimamasimama, na ikisimama, kila aliyekaa peke yake kwenye baridi anajua nani kasababisha. Ugomvi ukakua kati ya vijana na mwenye mlima wa wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini akafunga moja kwa moja. Ushirika ukarithi katazo na hadi leo wanachama hawajaliondoa.

Mnaweza kusema waliwaonea. Ila ni mlima wao, walioununua ndio wanaopiga kura. Anayetaka ubao anunue hisa, ashawishi wenzake.

---

Mzee_wa_Fimbo

Shangazi umemaliza kila kitu. ✊

---

Kona_Kali

Hajamaliza. Lifti nyingine pale zina viti vya kawaida, si wangewaruhusu huko angalau?

---

Shangazi_wa_Vermont

Wangeweza. Hawataki. Nimeshasema ni mlima wao.

---

Dada_Kifundo

Mimi nashangaa jambo moja: huu mpaka kati ya skii na ubao mnauchora kana kwamba ni makabila mawili, wakati michezo yenyewe imeshaingiliana zamani.

Skii za zamani zilikuwa nyembamba na ndefu, zimenyooka. Skii zenye kiuno, zinazokata upinde zenyewe ukizilaza, zimeenea miaka ya tisini, wakati ubao wenye kiuno ulishakuwepo mlimani. Skii pana za kuelea kwenye theluji ya unga, hivyohivyo. Skii zilizopinda mbele na nyuma ili utue kinyumenyume zilipamba moto mwishoni mwa miaka ya tisini, na zilikwenda moja kwa moja kwenye viwanja vya kuruka ambavyo watu wa ubao ndio walivipigania vijengwe. Mfereji wa nusu bomba kwa ubao uko Olimpiki tangu 1998, kwa skii umeingia Sochi 2014. Kwa hiyo huyu mzee anayewakimbia watu wa ubao yuko Alta kwenye theluji ya unga, amesimama juu ya skii pana ambazo wazo lake limepita kwao.

Na kama kuna anayeamini ni watu wa aina mbili, amtazame Ester Ledecká wa Ucheki, Pyeongchang 2018. Akashinda dhahabu ya skii, mbio za kushuka kwa kasi ziitwazo Super-G, kwa tofauti ya sekunde 0.01, hadi mwenyewe pale chini akabaki ameduwaa akitazama ubao wa matokeo. Wiki moja baadaye akashinda dhahabu ya ubao, slalomu kubwa ya sambamba (wawili wanashuka bega kwa bega wakizunguka vijiti). Mtu mmoja, michezo miwili, Olimpiki moja. Kesho akienda Alta, nusu ya Ledecká inaruhusiwa.

---

Theluji_ya_Unga

"Nusu ya Ledecká inaruhusiwa" 🤣 hii nimeiba.

---

Kijana_wa_Kuruka

Mimi nasema mapambano. Kuna wakati kampuni ya Burton yenyewe, ile ya mbao ya Jake, ilitangaza zawadi ya dola 5,000 kwa video bora ya watu wa ubao wakijipenyeza kwenye milima iliyowakataza. Msimu wa 2007/2008, wakati huo walikuwa wanne na Taos ndani. Na msimu huohuo Taos wakafungua! Tukomae.

---

Makali_ya_Chuma

Kijana, hapo siko nawe. Taos wana sababu zao, na kufungua kwao kusifanywe ushindi wa kamera. Ukijipenyeza Mad River Glen unawaibia wanachama walionunua mlima kwa akiba zao. Na kila video ya aina hiyo inampa Mzee wa Fimbo ushahidi kwamba watu wa ubao hawafuati taratibu. Unampigia goli lako mwenyewe.

---

Mzee_wa_Fimbo

Tena namshukuru, aendelee kurekodi.

Ila mleta mada nikuulize kwa dhati. Alta wakifungua kesho, unadhani itabaki Alta? Pale wazee wanateleza na wajukuu, lifti hazijajaa, watu wanajuana. Biashara yao sasa hivi ni hilo katazo. Mtu anapanda ndege anakwenda Alta kwa sababu hamna ubao. Ukiliondoa umewanyang'anya kinachowatofautisha na jirani.

---

Makali_ya_Chuma

Mkuu, huo ndio uaminifu niliokuwa nautafuta tangu mwanzo wa uzi. Katazo ni chapa ya biashara. Sawa. Sasa liseme hivyo hadharani, halafu tujadili kama chapa ya biashara ni sababu tosha ya kumzuia raia kwenye mlima ambao kwa karatasi ni wake. Wewe utasema ndiyo, mimi nasema hapana, na tutabishana kwa hoja halisi badala ya kusingizia mgongo na kisigino.

Ningekuwa Idara ya Misitu, nisingeamrisha wafungue. Ningewaambia hivi: kile kifungu cha "maamuzi ya kibiashara" kiondoke. Mkitaka kukataa kifaa, leteni ushahidi wa hatari au wa uharibifu, tuupime dhidi ya Snowbird hapo jirani. Mkishindwa, jaribuni msimu mmoja, hata kwa siku za katikati ya wiki, njia za ubavu mzifunge kwa wasio na fimbo kama ndizo tatizo. Njia ngumu kufungwa kwa vifaa fulani mimi sina shida nayo. Shida yangu ni mlima mzima.

---

Theluji_ya_Unga

Njia za ubavu zikifungwa kwa ubao, wa ubao hana cha kufuata Alta. Vizuri vyote viko mwisho wa hizo njia.

---

Makali_ya_Chuma

Basi aende, aone hakuna cha kufuata, arudi Snowbird mwenyewe.

---

Mzee_wa_Fimbo

Kwa Alta nakubali waulizwe. Waulizwe tu, sijasema wafungue. Mad River Glen msiwaguse.

---

Shangazi_wa_Vermont

Wala hamtaweza kutugusa. Hisa zipo, zinauzwa. Kijana wa Kuruka, weka kamera chini uje ununue moja, mkutano wa wanachama una nafasi ya maoni.

---

Kijana_wa_Kuruka

Naruhusiwa kuja mkutanoni na ubao?

---

Shangazi_wa_Vermont

Mkutanoni ndiyo. Kwenye lifti hapana.